Mtoto wa Kuazima

Katika laini yetu ya nyumba hakuna aliyetembea nyumba nyingi kuliko chupa ya chai ya mama wa mapacha. Ni chupa nyekundu yenye maua ubavuni, na imeingia milango mingi kuliko padri. Ukipata mgeni wa maana, si yule wa kuomba chumvi, unamtuma mtoto kwa mama wa mapacha, naye anakupa chupa bila kuuliza mgeni ni nani, kwa sababu ameshamwona kupitia dirisha. Vitambaa vyeupe vya kufuma vinatoka nyumba ya kona. Saa ya ukutani, ile isiyotembea, inatoka kwa fundi wa viatu. Sisi tunatoa vikombe, vyote vya kufanana, vya harusi ya mathe, mama yangu, na ndiyo maana hata sisi tunaheshimiwa.

Mbebaji wa vitu hivi vyote nilikuwa mimi. Wakati huo nilikuwa darasa la saba, msichana mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa ameshasema kwamba siku nikifa itabidi mdomo wangu uzikwe peke yake, kwenye kaburi la mbali. Sikukasirika. Nilimwambia nataka lile la karibu na barabara ili niwasalimie wapita njia, akanitoa nje.

Tunakaa nyumba za kanjo, za baraza la jiji, upande wa Makadara, zile zilizopangwa laini laini, chumba kimoja na jiko dogo, mlango wa mbele unaangalia njia na wa nyuma unafungukia ua wa pamoja. Ukuta kati yetu na mama wa mapacha ni mwembamba kiasi kwamba mtu akipiga chafya kwao sisi tunasema pole. Baba ni tanboi, msaidizi wa dereva, wa lori linaloenda Kampala. Anakuja nyumbani, analala, anakula, anaacha soksi. Mathe anauzia vibarua wa viwandani chakula, na alfajiri anakuwa njiani na sufuria kichwani.

Halafu kuna mdogo wangu.

Alikuwa na miaka mitano na hakuwa amewahi kusimama. Alizaliwa mzima, mathe anasema, akanyonya vizuri, akacheka mapema kuliko mimi. Kisha homa ikaja, na ilipoondoka iliondoka na miguu yake yote miwili, mkono mmoja, na karibu maneno yote. Kicheko kilibaki. Kicheko chake si cha kawaida, kinaanza kama mlango unaohitaji mafuta, kinapanda, kinakatika. Mtu asiyemjua anaweza kudhani analia.

Nesi mmoja wa kliniki alimwambia mathe waziwazi, nami nilikuwapo. "Huyu akipata mtu wa kumnyoosha na kumsimamisha kila siku, atasimama. Labda atatembea kwa magongo. Lakini mapema, mama. Kabla nyonga haijakaa vibaya. Ikishakaa hivyo, hata umlete kwa nani."

Kila siku. Hospitali yenye watu wa mazoezi iko upande ule mwingine wa mji, na sufuria ya mathe iko upande huu. Alijaribu, akaenda mara kadhaa na mtoto mgongoni, na kila alipoenda vibarua walikula kwa mwingine. Ikabidi aache.

Kwa hiyo tulikuwa tunamfunga. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Leso kiunoni, ncha nyingine kwenye mguu wa kitanda, ili asijiburute hadi jikoni. Mama wa mapacha alikuwa anaingia kumpa uji na kumbadilisha. Mimi nikitoka shule, kabla ya kuvua viatu nafungua fundo, naye ananipiga kofi la shavu kwa mkono wake mzima, halafu anacheka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Mguu ule wa kitanda uling'aa pale leso iliposugua, ungedhani fundi amepaka vanishi. Na yeye kiunoni alikuwa na alama nyeusi, nyembamba, ya kuzunguka.

Habari za utafiti zilikuja mferejini tunapochota maji, kama habari zote.

"Wanatoka chuo kikuu," akasema mama wa nyumba ya kona. "Wanapita nyumba hadi nyumba. Wanataka kujua tunalea watoto vipi."

"Kwani wao wanalea vipi?" akauliza mama wa mapacha.

"Wao wana yaya."

"Sasa wakishajua?"

"Wanaandika."

"Na wakishaandika?"

Hapo hakuna aliyejua, na palipokosa jibu kila mtu aliweka la kwake. Mmoja akasema ni kanjo wamejibadilisha, wanataka kuhesabu nani amepangisha jikoni. Mwingine akasema wanatafuta wazazi wabaya. Hilo ndilo lililokaa, kwa sababu sote tulimjua yule mama wa laini ya chini aliyefungia watoto wake ndani akaenda kufua nguo za watu. Stovu ikaanguka, mmoja akaungua mguu. Watu wa chifu walikuja na gari, wakawachukua wote wawili wakawapeleka makao ya watoto. Mpaka leo yule mama anapita njiani na kikapu chenye nguo zao, zimekunjwa vizuri, na saizi hiyo hawavai tena.

Mathe aliweka ndoo chini. Jioni, akimwogesha mdogo wangu kwenye karai, alipitisha kidole kwenye ile alama ya kiunoni, akazunguka nayo mpaka pale ilipoanzia.

"Wakiona hii watamchukua," akasema.

"Tuwaambie ni mkanda wa karate," nikasema.

Hakucheka. Alimfuta, akamvika, akavuka ua mpaka kwa mama wa mapacha, nami nikamfuata kwa sababu sijawahi kukosa maneno ya watu wazima.

"Nipe mmoja," mathe akasema.

"Mmoja gani?"

"Yeyote. Wewe una wawili. Wakiingia kwangu wamkute mmoja mzima, wasitafute mwingine, na wangu akae kwako na huyo mwingine. Wakitoka, kila mtu anarudi kwao."

Mapacha wale walikuwa wa miaka miwili na kitu, wavulana, wanafanana kama jozi ya viatu, ila mmoja alikuwa amemzidi mwenziwe mashavu. Mama yao aliwatazama kama mtu anayeombwa sufuria kubwa, akifikiria lini ataihitaji.

"Chukua yule mnene," akasema. "Huyu mwingine anauma."

Walikuja Jumamosi. Nasema walikuja, lakini kwetu aliingia mmoja, mwanamke mwembamba mwenye miwani na nywele za afro, viatu vya chini, Kiswahili safi kama cha kwenye redio. Aligonga mlango ulio wazi, akasubiri kukaribishwa, na mathe akanitupia jicho, maana tulikuwa tumejiandaa kupokea askari na huyu alikuwa anaomba ruhusa.

Nyumba ilikuwa imependeza. Chupa nyekundu katikati ya meza, vitambaa kwenye kila kiti, saa ukutani ikisema saa tisa na robo, kama ilivyosema mwaka mzima. Mathe alikuwa amekaa wima na yule mtoto mnene mapajani, amepakwa mafuta mpaka anateleza. Mdogo wangu alikuwa nyuma ya ukuta, kwa mama wa mapacha, na kipande cha muwa cha kumnyamazisha.

"Mtoto anaitwa nani?" mtafiti akauliza, kalamu tayari.

Mathe akaganda. Tulikuwa tumepanga kila kitu isipokuwa jina.

"Unataka la kanisani au la nyumbani?" nikauliza.

"La nyumbani."

"Mzee wa Kanisa. Kwa sababu ya tumbo."

Mtafiti akacheka, na kuanzia hapo nikajua nimempata. Nikipata mtu wa kucheka huwa siwezi kuacha.

"Na baba yenu anafanya kazi gani?"

"Rubani."

"Usimsikize huyu," mathe akasema. "Ni tanboi."

"Wa lori linaloruka mashimo, mama. Hilo lori linakaa hewani kuliko barabarani."

"Mtoto akikosa mnamwadhibu vipi?"

"Mimi nalelewa kwa mwiko," nikasema. "Huyu analelewa kwa chapati. Ndiyo maana tuko hivi, mmoja ufagio na mmoja pipa."

"Na unapoenda kazini, mama, mtoto anabaki na nani?"

Mathe akamrekebisha mtoto mapajani. "Na mama mkwe wangu."

Mama mkwe wake alizikwa kabla mimi sijazaliwa. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba huku kwetu hata marehemu wanasaidia kulea, na mathe akanifinya chini ya meza, na mtafiti akacheka tena akidhani ni utani wa mabibi wazee.

Akatoa vipande vya mbao vya rangi kwenye mfuko wake, akaviweka sakafuni. Yule mtoto akashuka mapajani, akapanga viwili, akapanga cha tatu juu, akaviangusha, akapiga makofi.

"Ana akili sana," mtafiti akasema. "Umefanya kazi nzuri, mama."

Mathe akatabasamu. Lilikuwa tabasamu la kweli, la mtu aliyesahau kidogo. Hakuna aliyewahi kumwambia mathe kwamba mtoto wake wa pili ana akili. Sasa ameambiwa, na mtoto si wake.

Mtafiti akanywa chai yake, akafunga kalamu, akavua ule uso wa kuuliza maswali.

"Sasa naweza kukwambia tunachotafuta," akasema. "Mwanzoni hatusemi, kwa sababu watu wakijua tunataka nini wanatujibu kile wanachodhani tunataka kusikia. Tunatafuta watoto wasioweza kutembea. Au mkono haufanyi kazi, au hawasemi. Kuna chumba kitafunguliwa kwenye ukumbi wa mtaa utakaokuwa nao wengi. Mtu wa mazoezi atakuwapo kila siku, asubuhi hadi jioni, na mama akienda kazini anamwacha pale. Hakuna anayechukuliwa. Jioni unakuja kumchukua wako. Je, katika laini hii mnamjua mtoto wa namna hiyo?"

Kila siku, alisema. Neno lile lile la nesi.

Mkono wa mathe ulikuwa umeshika kisogo cha mtoto wa watu. Nilimwona anafungua mdomo, na nadhani angesema, mpaka leo nadhani hivyo, lakini nyuma ya ukuta muwa ulikuwa umekwisha au yule pacha wa kuuma alikuwa amefanya kitu cha kuchekesha, na mdogo wangu akacheka. Mlango unaohitaji mafuta. Ukapanda, ukakatika.

"Na huyo?" mtafiti akauliza, akigeuza shingo.

"Ni paka," mathe akasema. "Paka wa jirani. Amezaa."

Nimesikia mathe akisema mambo mengi. Nimemsikia akimtukana askari wa kanjo mpaka askari akavua kofia. Lakini sijawahi kumsikia akitumia sauti ile, nyepesi, ya mgeni aliyeulizwa njia.

"Si paka," nikasema. "Ni mdogo wangu. Hatembei. Huyu mnene hapa tumemwazima, na hiyo chupa pia, na vitambaa. Vikombe tu ndivyo vyetu."

Mtafiti alinitazama. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho kwa kiganja. "Mmemwazima," akasema. "Wewe msichana. Wewe utafika mbali."

"Nasema kweli."

"Na baba yako ni rubani."

"Hilo lilikuwa la uongo. Hili ni la kweli."

"Hata mwalimu wake amechoka naye," mathe akasema, akisimama. "Wewe, nenda ukalete maji."

Mtafiti akaaga. Alimshika mathe mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru kwa chai. Alipotoka mlango wa mbele kuelekea kwa mama wa mapacha, mimi nilitoka wa nyuma na chupa nyekundu mkononi, maana sasa ilikuwa zamu ya nyumba hiyo kuwa na chupa. Nikamchukua mdogo wangu mgongoni, mdomo wake umejaa makapi ya muwa, nikarudi naye kwetu. Tulikaa sote wanne, pamoja na yule mtoto mnene, tukisikiliza ukuta.

"Watoto wa hapa wanafanana sana," sauti ya mtafiti ikasema. "Huyu na yule wa nyumba niliyotoka sasa hivi."

"Ni mfereji," mama wa mapacha akajibu. "Tunachota mmoja."

Siku nyingine yoyote ningegaragara chini kwa kucheka.

"Mathe," nikanong'ona. "Bado yuko hapo. Mfuate. Amesema hakuna anayechukuliwa."

"Nimesikia."

"Amesema kila siku."

"Nimesikia." Alikuwa anaosha vikombe, kimoja kimoja, hata ambavyo havikutumika. "Nikamwambie nini? Nimwoneshe huyu nimwambie ndiye paka?"

Miezi ikapita. Chumba kilifunguliwa, lakini si kwetu. Kilifunguliwa mtaa mwingine, ng'ambo ya Jogoo Road, kwenye ukumbi wa huko. Mtaa wetu haukuonekana kuwa na mtoto hata mmoja asiyetembea. Mtaa wa ajabu, watu wake wote wana miguu. Baadaye ndipo ilijulikana kwamba laini ya nyuma kulikuwa na mtoto mwingine asiyetembea aliyepelekwa kwa shangazi yake siku hiyo, na kwenye nyumba ya kona kulikuwa na mtoto asiyesikia aliyeambiwa ajifanye amelala.

Mathe alipopata habari za chumba alisema tu, "Vizuri kwa wao." Kisha akakata vitunguu vingi kuliko tulivyohitaji.

Mimi nikangoja siku ya katikati ya wiki. Mathe alipokwisha kwenda, nilivaa sare ya shule, nikafungua fundo, nikamfunga mdogo wangu mgongoni kwa leso ile ile ya kitanda, nikahepa. Alikuwa hajawahi kuvuka barabara ile. Kila lori likipita alinipiga kofi la sikio. Alikuwa mzito, miguu yake inaning'inia kama ya mtu mzima aliyebebwa, na watu walitutazama. Mwanamume mmoja aliuliza mbona nabeba mke wa mtu. Nikamwambia nampelekea mumewe, kama ni yeye ampokee. Nilijisikia vizuri mpaka kona iliyofuata.

Chumba chenyewe kilikuwa pembeni ya ukumbi. Kulikuwa na magodoro membamba sakafuni, mpira mkubwa, na vyuma viwili vya kushikilia, vimepangwa sambamba kama reli. Watoto walikuwa wamelala, wamekaa, mmoja anasimama kwenye vyuma na kutokwa jasho. Mama wa mazoezi, mwanamke mnene mwenye mikono ya muuza nyama, hakuniuliza kitu. Aliona mtoto, akamchukua, akamlaza, akaanza.

Alimpapasa miguu kwanza. Akaivuta taratibu, akazungusha, mdogo wangu akalia kidogo, akaacha. Alipofika kwenye nyonga uso wake ulibadilika.

"Umechelewa," akasema. "Lakini bado kidogo kuna nafasi. Bado inacheza."

Kisha akamwinua, akamshikisha chuma kwa ule mkono mzima, akaweka magoti yake mwenyewe nyuma ya magoti ya mtoto, akayasukuma. Na mdogo wangu akasimama.

Sijui niandike nini hapo. Alikuwa mrefu. Hilo ndilo lililonishangaza. Miaka yote nimemwona kwa chini, kumbe ananifika kifuani. Aliangalia chumba kutoka juu kule, akaniangalia mimi, na akacheka kile kicheko chake, na mama wa mazoezi akasema, "Huyu anapenda. Wengine siku ya kwanza wanajikojolea."

Hapo ndipo mtafiti alipoingia.

"Mcheshi wangu," akasema. "Umetuletea nani leo?"

"Yule paka," nikasema.

Alianza kutabasamu, halafu kicheko cha mdogo wangu kikaja tena, kikapanda, kikakatika, na nikaona anakisikia mara ya pili. Alivua miwani. Hakuifuta. Alikaa kwenye benchi la watoto, ambalo ni dogo, magoti yake yakapanda juu.

"Uliniambia," akasema.

"Ndiyo."

"Uliniambia na mimi nikacheka."

"Kila mtu hucheka, dada. Ndiyo kazi yangu."

Kisha akaanza kusema kwa sauti ya chini, kama vile watoto waliolala pale walikuwa na haki ya kutosikia. Nafasi zimejaa. Nafasi zilitolewa kwa wale waliopatikana kwenye utafiti, mtaa kwa mtaa, na wanaotoa fedha hawakubali kuongeza mtu wa nje hata mmoja. Na mtaa wetu, akasema, mtaa wetu kwenye utafiti ulitokea kuwa mzuri mno. Nyumba safi, watoto wanene, chai ya kutosha, bibi wa kuwaangalia. Ulitajwa kama mfano wa wazazi wasiohitaji msaada.

"Ile chupa ni moja," nikasema. "Ile nyekundu. Ulikunywa chai yake nyumba zote."

"Niliona," akasema. "Nilidhani zinauzwa kwa bei nafuu sokoni Gikomba."

Mama wa mazoezi alisema anaweza kumbana kona moja. Mtafiti akasema watu watakuja kukagua, wakikuta mtoto asiyekuwapo kwenye utafiti watafunga chumba chote, na hawa wengine waende wapi. Wakatazamana. Nilitamani wagombane. Hawakugombana.

"Labda tutapita tena mtaani kwenu kuhakiki," mtafiti akasema. "Labda. Siwezi kukuahidi."

"Lini?"

Hakujua. Mama wa mazoezi alinionesha namna ya kumnyoosha, mara mbili, mikono yangu chini ya yake. Alisema bila vyuma na bila mtu wa kushika magoti haitatosha, lakini nifanye. Kisha tukamtoa mdogo wangu kwenye vyuma. Hakutaka kuachia. Ilibidi tumfungue vidole kimoja kimoja.

Nilimweleza mathe yote. Nilitegemea mwiko kwa sababu ya kuhepa shule. Alisikiliza akiwa amesimama, sufuria bado mkononi.

"Alisimama?" akauliza.

"Alisimama."

"Kwa miguu yote?"

"Yote miwili. Ananifika hapa." Nikaonesha kifua.

Mathe alitazama pale nilipoonesha, akatazama muda mrefu, kama vile mtoto alikuwa bado amesimama hapo.

Jumamosi iliyofuata hakwenda kazini. Alimwogesha mdogo wangu, akamvika gauni la Krismasi, akatandika mkeka mbele ya nyumba. Si uani, mbele, upande wa njia, mahali ambapo mdogo wangu hakuwa amewahi kukaa mchana hata mara moja. Alimweka hapo na miguu yake imenyooshwa wazi, na yeye akakaa kando yake kwenye kigoda, mikono magotini. Hakuweka meza wala kitambaa.

Mama wa mapacha alikuja amekumbatia chupa nyekundu. "Mna wageni?"

"Rudisha," mathe akasema.

"Nimeshatia chai."

"Mama wa mapacha, rudisha. Wakija wanikute nilivyo."

Watu walipita. Wengine wa laini za mbali walisimama, maana hawakujua kwamba tuna mtoto mwingine. "Huyu ni nani?" wakauliza, na mathe akajibu kila mmoja, "Ni wa pili wangu. Hatembei." Alilisema mara nyingi siku ile, kwa sauti ya kutosha kusikika nyumba ya kona, na kila gari likipunguza mwendo pale barabarani alinyoosha shingo. Mdogo wangu alifurahi. Aliwapiga watu makofi ya miguu. Jua lilimpata usoni na hakujua la kufanya nalo.

Jumamosi nyingine tukakaa tena. Na nyingine. Kisha vibarua wakaanza kumzoea muuzaji mwingine, na mathe akarudi kwenye sufuria yake.

Hakuna aliyekuja kuhakiki. Walikuwa wameshamalizana nasi.

Sasa niko Form Two. Nilimnyoosha kila jioni kama nilivyooneshwa, mpaka siku moja nikasukuma na nyonga haikwenda, na nikasukuma tena na akapiga yowe ambalo si kicheko. Nesi wa kliniki siku hizi hasemi mapema, anauliza tu kama anakula. Mgongoni hanibebeki tena, nikimbeba miguu yake inaburura. Leso ile ya zamani ilichanika, tukaweka nyingine, mpya, yenye maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Nikitoka shule bado nafungua fundo kabla ya kuvua viatu. Bado ananipiga kofi. Wakati mwingine anashika mguu wa kitanda kwa ule mkono mzima, anauvuta, anajikaza mpaka shingo inasimama mishipa, kisha ananitazama mimi, magoti yangu, akingoja niyaweke nyuma ya yake.